Masta na PhD ya ikolojia ukiwa Mwanza: nlivyokosea na kilichonisaidia

Wadogo zangu mnaomaliza zuolojia, uvuvi au wanyamapori, kila wiki mnaniuliza "kaka skolashipu ziko wapi", na mi nawaelewa kabisa maana hilo swali nliliuliza miaka miwili mizima na ndo lilinichelewesha. Nlikuwa nakusanya malinki ya ufadhili, afu natuma barua pepe ileile kwa maprofesa kama arobaini hivi, nabadilisha jina tu. Hakuna aliyejibu.

Siku moja nipo Mwaloni Kirumba alfajiri nanunua dagaa na mama, mzee mmoja akashika furu mdogo, hawa samaki wadogo wa ziwani, akasema enzi zake hawa ndo walikuwa wanajaza mitumbwi kabla sangara hajatawala. Nikaenda kusoma. Kumbe sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ikafika miaka ya 1980 furu wakaporomoka vibaya, lakini siyo sangara peke yake, maji nayo yakishakuwa machafu jike haoni vizuri rangi ya dume kwa hiyo spishi zilizokuwa zimetengana zinaanza kuzaliana spishi moja na nyingine. Yaani kuna furu anaitwa Pundamilia nyererei, dume lake jekundu, na ndugu yake Pundamilia pundamilia, dume la bluu, wapo kwenye visiwa vya mawe hapahapa kwetu, wanasayansi wa mageuzi wanawajua dunia nzima na mi nimezaliwa Igoma nlikuwa siwajui. Iliniuma sana.

Basi nikaandika upya. Safari hii barua sita tu, kila moja fupi: nimesoma makala yako fulani, nimekulia ziwani, nimeona hiki, swali langu ni hili, je unachukua mwanafunzi mwakani? Wawili wakajibu, na mmoja ndo akawa supavaiza wangu. Kwa hiyo tafuta swali la utafiti kwanza, afu mtu anayelifanyia kazi, hela ndo ifuate.

Kuhusu hela sasa. Marekani unaweza kuomba PhD moja kwa moja na digrii ya kwanza, na kwenye fani hii vyuo vingi vinakulipia ada na posho ukifundisha maabara au ukifanya utafiti, dedlaini nyingi ni Desemba, na ada ya maombi ikikushinda andika uombe msamaha wa ada, usione aibu. Ulaya kuna Erasmus Mundus, programu za masta za Umoja wa Ulaya, ukipata ile skolashipu hulipi ada na unapewa euro 1,400 kwa mwezi. Kuna skolashipu za Commonwealth (Jumuiya ya Madola) kwa Uingereza, DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, nao wanafadhili hata kusoma hukuhuku Afrika. Na vyuo vya hapa nyumbani, SUA (Sokoine), UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au Nelson Mandela Arusha, msizidharau hata kidogo, samaki wako hapa, siyo Ulaya.

Kama bado hujui swali lako ni lipi, omba kujitolea TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza, au omba kozi za porini za Tropical Biology Association, ni kama mwezi mmoja hivi na unajifunza kupanga utafiti wako mwenyewe.

Barua za mapendekezo ombeni mapema jamani. Mwalimu wangu mmoja alituma yake siku tatu baada ya dedlaini na nikapoteza mwaka, siku hizi nampa kila mtu mwezi mzima na namkumbusha kila wiki bila kuona haya.