Barabara tupu usiku wa sikukuu: ni salama kuliko foleni?

SWALI: Kila wikendi ya sikukuu tunatangaziwa kuwa vifo vya barabarani vimeongezeka. Si kwa sababu tu magari ni mengi? Mimi hukwepa foleni kwa kutoka kazini, kupakia mizigo na kuondoka usiku, familia ikilala garini. Gari ni zima na barabara iko wazi. Je, siko salama zaidi?

JIBU: Hapana, na nakusihi ubadilishe mpango huo kabla ya sikukuu ijayo.

Kuhusu takwimu, shaka yako ina msingi. Wingi wa magari peke yake huongeza ajali, na hata urefu wa sikukuu huchezea hesabu. Marekani, kwa mfano, Baraza la Taifa la Usalama huanza kuhesabu saa kumi na mbili jioni ya mkesha. Sikukuu ikiangukia Jumatano, kipindi huwa siku moja na robo. Ikigusana na wikendi, huzidi siku tatu. Ukilinganisha mwaka mmoja na mwingine bila kugawa kwa siku, utapotoka.

Lakini magari mengi mahali pamoja hupunguza mwendo. Kwenye foleni watu hugongana bampa na kugombana. Wanaokufa huko ni wachache. Mauti hutokea pale foleni inapoachia na dereva akataka kufidia muda, au usiku kwenye barabara uliyoisifu. Takwimu za Marekani zimeonyesha kuwa, kwa kila kilomita inayosafiriwa, usiku huua takriban mara tatu ya mchana.

Chukua taa zako. Ukizishusha ili usimpofushe anayekuja mbele, zinakuonyesha kama mita 40 hadi 60. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tangu uone kitu hadi mguu ukanyage breki umeshapita mita 42, kwa sekunde moja na nusu tu. Breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji mita nyingine 55 hivi. Jumla ni karibu mita 97. Kwa hiyo lori lililoharibika bila taa, au mtu anayevuka kwa miguu, utamgonga hata ukiwa macho kabisa. Mwendo unaolingana na taa hizo hauzidi 70.

Na wewe hutakuwa macho kabisa. Majaribio yameonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa uwezo kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, ifikapo saa tano usiku umeshafika hapo, pengine hata gari hujaliwasha. Kisha unaingia kipindi cha kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, ambapo mwili hudai usingizi kwa nguvu zote. Ukisinzia sekunde nne kwa mwendo huo wa 100, gari limekwenda mita 111 bila dereva, na hakuna alama ya breki itakayoonekana barabarani.

Kinachoniumiza zaidi katika barua yako ni familia iliyolala. Wanaolala nyuma huvua mikanda ili wajinyooshe. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa hadi nusu, na asiyeufunga nyuma hurushwa juu ya aliyekaa mbele. Gari likijaa, ajali moja humaliza nyumba nzima. Hiyo pia ni sababu ya vifo vya sikukuu kupanda.

Lala usiku huo, ondokeni kumepambazuka, na tairi zijazwe upepo kulingana na mzigo. Foleni mtaikuta, ikubalini. Macho yakianza kuwa mazito njiani, kufungua dirisha au kupandisha redio hakutakusaidia. Egesha mahali salama nje ya barabara, kunywa kahawa kisha lala dakika 15 hadi 20, kwani kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Ukiamka bado mzito, mpe usukani mwingine mwenye leseni, au laleni hapo mlipofika.