Ukituma kiraka, mfikirie atakayekisoma

Wageni wengi kwenye timu hutuma kiraka, yaani faili linaloorodhesha mabadiliko ya msimbo, walichokipata kwa kuandika diff (amri ya kulinganisha mafaili) na majina ya mafaili mawili, basi. Usifanye hivyo. Amri hiyo ikiachwa bila chaguo lolote inakupa mpangilio wa zamani wa Unix, wa miaka ya 1970: namba kama 12a13, kisha mistari inayoanza na < au >. Mhakiki haoni mistari ya jirani, kwa hiyo inambidi afungue faili pembeni na kuanza kuhesabu. Na wahakiki, niwaambie ukweli, hawahesabu. Wanakiweka kiraka chako kiporo.

Hatari kubwa iko kwenye nyongeza. Kama umeongeza mistari bila kufuta wala kubadili chochote, programu ya patch, inayoingiza kiraka kwenye faili, haina cha kulinganisha zaidi ya namba. Mwenzako akiwa ameshaingiza mistari kumi huko juu, nyongeza yako itaangukia ndani ya funksheni isiyohusika, na patch haitasema neno.

Tumia diff na chaguo la -u. Mpangilio huu, aliouanzisha Wayne Davison mwaka 1990, unaonyesha kilichotoka kwa - na kilichoingia kwa +, ukiacha mistari mitatu isiyobadilika kila upande. Kwa mistari hiyo patch hutafuta mahali penyewe hata faili likiwa limesogea. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, hukupa mpangilio huu bila kuombwa, na mradi wa Linux haupokei mwingine. Upo pia wa -c, unaoonyesha sehemu ileile mara mbili, kabla na baada. Funksheni ikiandikwa upya yote, mimi huusoma huo kwa raha zaidi, lakini usiutume mpaka uombwe.

Msimbo wa C uongezee -p, jina la funksheni litokee kwenye mstari wa @@ unaotangulia kila sehemu iliyobadilika. Folda nzima inataka -r pamoja na -N. Ukisahau -N, faili jipya halisafiri. Diff inataja tu kwamba lipo upande mmoja.

Chaguo la -w, linalopuuza nafasi tupu, ni la kusomea, si la kutuma. Kwenye Python nafasi hizo ndizo msimbo wenyewe.

Usinakili kiraka kutoka kwenye skrini na kukibandika kwenye baruapepe, maana alama za tab hugeuka nafasi za kawaida na kiraka kikakataa. Kihifadhi kwenye faili, ukijaribu kwa git apply --check kwenye nakala safi ya mradi, ndipo utume.