Mgonjwa Akisema Mguu Unawaka, Usimlaze Usingizi

Wadogo zangu mnaozunguka kitengo cha mgongo, Jumanne nilikuwa nimekaa kona ya thieta nikimwangalia mwenzenu akiingiza kanula, mrija wa kupitishia endoskopu (kamera ya upasuaji), kwenye diski ya L4/L5, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, kwa njia ya ubavuni. Mgonjwa akaguna, kisha akalalamika. Mwenzenu, bila kubandua macho kwenye skrini, akamwambia daktari wa usingizi: "Muongezee kidogo, anasumbua." Niliruka kwenye kiti. Ndiyo maana naandika.

1. Acheni kubishana njia ipi ya endoskopu ni bora, ubavuni, kati ya lamina au matundu mawili, hadi chai inapoa. Iulizeni MRI diski imekaa wapi. Imechomokea nje ya foramina, tundu la ubavuni ambamo mzizi wa neva hutokea, nenda ubavuni. L5/S1, diski ya mwisho kabisa, kwa mtu ambaye mfupa wa nyonga umepanda juu, pita nyuma, kati ya lamina, vibao vya mfupa vya nyuma ya pingili. Dirisha la pale ni pana kuliko ya juu yake. Mfereji wa uti wa mgongo nao umebana, matundu mawili, moja la kamera na moja la vifaa, yanakupa uhuru wa mikono. Basi.

2. Njia ya ubavuni tunaifanya kwa ganzi ili mgonjwa aongee. Hilo mnalijua. Na mimi nililijua.

Nilikuwa mwaka wa pili na endoskopu, nimeshalewa sifa. Nikaletewa mwalimu mstaafu: diski ya L4/L5 imebana mzizi wa L5, maumivu kutoka takoni, nje ya mguu, hadi kidole gumba. Diski ilikuwa imepungua kimo, foramina imesinyaa. Pale ilitakiwa nichonge faseti kwanza, kile kiungo cha nyuma ya pingili, nitue sehemu ya chini ya pembetatu ya Kambin, eneo salama la kuingilia kwenye diski. Orodha ya siku ile ilikuwa ndefu, nikaona kuchonga ni kupoteza muda. Nikatua juu, mlangoni kwa mzizi wa L4, ule unaokwenda pajani. Picha ya C-arm, eksirei ya thieta, ilinionyesha. Nikasema inatosha.

Nilipoanza kusukuma, mwalimu akasema, kwa adabu, "Samahani daktari, paja linawaka." Nikamwambia vumilia mzee, tunamaliza. Akarudia. Mara ya tatu hakusema samahani. Nikaomba aongezewe dawa, akanyamaza, nami nikafanya kazi kwa raha. Nikatoa kipande kikubwa cha diski na kukipiga picha. Kwenye ripoti nikaandika: hakuna tatizo.

Kesho yake raundi akaniambia, "Kidole kimepona. Sasa hili paja ni la nani?"

Wiki mbili baadaye alikuja kliniki ameshika kitambaa cha suruali kwa vidole viwili, akikivuta mbele kisiguse ngozi. Korido nzima alitembea hivyo. Shuka tu lilimuunguza. Tulihangaika na pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, miezi mitano mpaka moto ukapoa. Hakunigombeza hata siku moja. Aliuliza swali moja tu: "Nilipokuambia, ulisikia?"

Nikamjibu nilisikia.

Kwa hiyo akilalamika: simama, vuta kanula nyuma, piga picha, tua upya.

3. Hesabuni ngazi za pingili kuanzia sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, na mlinganishe MRI na eksirei ya kawaida. Wapo ambao L5 yao imeungana na sakramu, na hawatembei na kibandiko kipajini.

4. Matundu mawili ni maji ya kusafishia yanayopita muda wote, na maji yaliyoingia lazima yatoke. Skrini ikijaa damu, vijana wote mna dawa moja: mfuko wa maji upandishwe juu! Kuna siku nilidai upandishwe, sista akaushusha bila kuniomba ruhusa, akaninyooshea kidole sakafuni: tundu la kutokea lilikuwa halidondoshi hata tone. Nilinuna hadi mchana. Mgonjwa wa ganzi ya mgongo akianza kulalamikia kichwa au shingo wakati mko kiunoni, ni hayo maji yaliyokosa pa kutokea. Naye mnataka kumlaza, nawajua.

5. Aliyezibwa na mkojo na kufa ganzi makalioni, neva za chini zimebanwa vibaya, si wa kujifunzia endoskopu. Mpasue kwa njia unayoiweza vizuri, na iwe leo.

6. Ya sita ilihusu kuvuja kwa dura, utando unaofunika neva za mgongo, ila hiyo inataka kikao chake, na mje na chapati.

Jumanne tulivuta kanula, tukachonga faseti, tukatua milimita chache chini. Mwenzenu alikuwa analowa jasho. Baada ya kama dakika kumi, mgonjwa akauliza kama tumeshaanza.