Ya bure au ya huria? Majibu kwa wasomaji

Barua za wiki hii karibu zote zimehusu programu huria, yaani zenye msimbo (maelekezo yanayoiunda programu) ulio wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Nimechagua nne.

Nina saiba yenye kompyuta sita za Windows 10. Fundi ananishauri niweke Linux. Si wateja watanikimbia? (Mwenye saiba, Githurai)

Fundi wako hajakosea: Linux ni mfumo endeshi huria unaoweza kushika nafasi ya Windows. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida, pamoja na masasisho ya usalama, kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu hazikubali Windows 11. Saiba nayo ni njia panda ya virusi: kila mteja anaingia na flashi yake.

Ila usihamishe zote kwa siku moja. Anza na mbili za pembeni, uweke Linux Mint, toleo la Linux ambalo sura yake haimshtui aliyezoea Windows. Wateja wako wanafuata nini hasa? Huduma za serikali kwenye eCitizen, kodi za KRA, kuchapisha CV. Tovuti hufunguka kwa Firefox au Chrome, na kivinjari hakijali kimekalia mfumo gani. Atakayekutoa jasho ni printa. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha, ujaribu kuchapisha na kuskani. Ikigoma, umepoteza nusu saa tu. Na bakiza mashine moja ya Windows kwa mteja mwenye faili la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe). Hayo LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, huyachezea vibaya, tusidanganyane.

(Kama Windows yenyewe ulipachikiwa bila leseni, na mjini tunajuana, basi una sababu moja zaidi.)

Cha bure kina ila. Nani afanye kazi bila malipo? (Mwalimu, Kawangware)

Kiingereza kina neno moja, “free”, kwa mambo mawili, ndiyo maana wenyewe hubishana. Sisi tuna bure na huria, na bado tunayachanganya. Mwanaprogramu Richard Stallman alipotangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi huria, alidai uhuru, si bei. Na walipwaji wapo: sehemu kubwa ya Linux huandikwa na waajiriwa wa kampuni. IBM iliinunua Red Hat, kampuni ya huduma za Linux, kwa dola bilioni 34 mwaka 2019. Simu yako, Mwalimu, kama ni ya Android, kiini chake ni Linux.

Kliniki yetu ina mfumo ambao muuzaji anasema ni huria, lakini anatudai kila mwezi. Ametuibia? (Karani, Umoja)

Si lazima. Leseni ya programu huria kama GPL inaruhusu kutoza pesa. Mnalipia jasho lake: kusimika, kufundisha, kuja usiku mfumo ukilala. Muulizeni tu nenosiri la msimamizi liko kwa nani, na kama mnaweza kutoa nakala ya data yenu leo bila yeye. Niliwahi kuitwa na shule moja ambayo fundi wake alienda ughaibuni na nenosiri kichwani. Maktaba ilitumia Koha, programu huria kabisa, na tulihangaika siku tatu kuingia.

Kuna iliyotengenezwa kwetu, au sisi ni wa kupokea tu? (Mwanafunzi, Kahawa)

Ipo. Programu ya Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zikiendelea: watu walituma taarifa, zikawekwa kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko. OpenMRS, ya rekodi za wagonjwa, ilianza 2004 kwa ushirikiano uliomhusisha Moi University, Eldoret, na taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa hapa Kenya, imejengwa juu yake. Na mwaka 2009, mtaa wa Kibera, Nairobi, ukiwa karibu doa tupu kwenye ramani, vijana wa huko walizunguka na vifaa vya GPS wakachora vichochoro, vyoo na zahanati katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Hiyo ni data huria, si programu, lakini moyo ni uleule.

Usisubiri uwe gwiji wa msimbo. Watanzania walitutangulia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Fungua LibreOffice, weka Kiswahili, tafuta neno moja linalokukera, upeleke pendekezo lako kwa watafsiri. Wakilikataa, waulize kwa nini, kisha urudi na jingine.