Maswali ya Wasomaji: Nani wa kunitengea njia ya video?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu hapa Ujiji, Kigoma. Kila Jumatano jioni wanafunzi wangu hufuata somo la fizikia kwa video kutoka Dar es Salaam, lakini picha huganda mara tu mtaa mzima unapoingia mtandaoni. Nimesoma kwamba itifaki ya kutenga uwezo wa njia mapema, RSVP, ilitolewa tangu mwaka 1997, ila mtoa huduma wetu anasema haitumii. Je, chombo kilichoiandika hakipaswi kumlazimisha? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Mwalimu, asante kwa swali zito. RSVP ilitolewa na IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoandika viwango vya intaneti. Mtumaji hutanguliza ujumbe unaopita ruta moja hadi nyingine, yaani vifaa vinavyoelekeza data njiani. Kisha mpokeaji, yaani kompyuta yako ya Ujiji, huomba nafasi, na ombi hilo hurudi kwa njia ileile huku kila ruta ikikubali au kukataa. Ombi huhuishwa kila baada ya sekunde 30 hivi, na lisipohuishwa kwa muda hufutwa. Ni kama abiria wa treni ambaye jina lake lazima liandikwe Uvinza, Kaliua, Tabora, Dodoma na kila stesheni hadi Dar es Salaam, na kuandikwa upya safari nzima. Kwa abiria mmoja inawezekana; kwa mamilioni, karani hatafanya kazi nyingine. IETF yenyewe ilitahadharisha juu ya mzigo huo mwaka uleule wa 1997, na mwaka 1998 ikatoa utaratibu mwepesi zaidi, DiffServ, ambao pakiti, yaani vipande vidogo vya data, hutiwa alama ya daraja la kipaumbele tu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kizuizi kikubwa si ruta bali ni umiliki. Mawasiliano yako huweza kupita katika mitandao ya kampuni kadhaa, na kila moja itauliza ni nani atakayeilipa kwa kumtengea nafasi mteja wa mwenzake, swali ambalo waraka wa kiufundi hauwezi kulijibu. Viwango vya IETF hufuatwa kwa hiari, nami sitamani ipewe rungu, kwa maana amri isingeongeza uwezo wa nyaya zilizokwisha kujaa. Pale penye mmiliki mmoja mambo ni tofauti: toleo la RSVP la mwaka 2001, lililoundwa kwa ajili ya kupanga njia za MPLS (mbinu ya kupitisha pakiti kwa kufuata lebo zilizobandikwa), limetumiwa sana ndani ya mitandao mikubwa.

Kwa hiyo, mwenye kubanwa ni mtoa huduma wako, tena kwa mkataba. Dai aandike ni megabiti ngapi anazokuhakikishia Jumatano jioni, zinaishia wapi, na atakufidia nini zikipungua. Kuipa video kipaumbele katika ruta ya shule ni jambo jema, lakini hakutatosha, kwa kuwa msongamano unaokusumbua uko nje ya geti lako.