Bahasha ya Bibi Kilabu

Marangu, Jumapili jioni

Mwanangu mama,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani ya mama yako, maana yangu imevunjika. Unasema kampuni ya kubeti imekupa kazi ya uhasibu huko Dar, mshahara karibu mara mbili ya huu wa sasa, nawe unauliza kama Mkristo anaweza kuishi safi akila fedha ya namna hiyo.

Mimi nitaanza na fungu la kumi. Hujaliuliza, lakini hilo ninalijua kwa uchungu.

Bibi Kilabu unamkumbuka. Ninyi mlimkuta ameshazeeka, mkipita kwake kuomba parachichi. Mwaka 1983 alikuwa mjane mbichi mwenye watoto watano, na mbege yake, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilisifika kutoka mtoni mpaka barabarani. Kanisa lilikuwa linavuja, na mabati siku zile mpaka umjue mtu. Tukatangaza ahadi. Sikukuu ya mavuno akaleta mkungu wa mnada kama kila mtu, pamoja na bahasha yenye shilingi 400. Mimi mwalimu sikuwa nimetoa hata robo yake.

Baraza la wazee likakaa. Nyumba yetu unaijua: babu yako aliokoka katika ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Aliungama mbele ya watu hadi jembe la misheni aliloiba, na tangu siku hiyo mbege haikuvuka kizingiti chetu. Hata kwenye mahari ya shangazi zako alitaka iletwe chai. Wakwe walicheka mwaka mzima. Basi mtoto wa mtu huyo nikasimama nikasema, nyumba ya Mungu haiezekwi kwa pombe. Lilikuwa neno zuri. Wenzangu waliitikia amina, na kwa kuwa nilisema mimi, nikatumwa mimi kuirudisha.

Nilimkuta anakoroga mso wa mbege, ulezi umemjaa mpaka kiwikoni. Hakugomba. Alijifuta kwenye kanga, akafungua bahasha, akazihesabu mbele yangu noti moja moja, kama mtu anayepokea chenji kwa kondakta asiyemwamini. Akasema, "Zimetimia, mwalimu," akarudi kwenye pipa lake. Ni zaidi ya miaka 40 sasa, na bado nikimwona mtu anahesabu noti natamani kutoka nje.

Mnanijua ninavyosema: dunia haiingii nyumbani kwa mlango, inaingia kwa mfuko. Niliwaimbia hivyo mpaka mkawa mnanimalizia sentensi. Sasa sikia habari za mfuko wangu. Ndizi alizopikia mbege yule mama alinunua kwa nani? Kwa mama yako. Mikungu miwili, mitatu kila wiki, kutoka kihamba hiki hiki, shamba letu la migomba, na fedha yake tuliitolea fungu la kumi, wala hakuna mzee aliyeirudisha. Na mshahara wangu wa ualimu? Serikali ilinilipa kwa kodi, na kodi ya bia na sigara imo humo humo. Nilijua. Nilichagua kutokujua kwamba najua.

Na usiku ule wa mvua za El Niño, wewe una mwaka na nusu, homa imekulegeza shingo, gari la kukufikisha hospitali alililipia yeye. Hilo tumeshawasimulia. Kile ambacho huwa siongezi ni kwamba nilizipokea fedha zile kwa mikono miwili, bila kuuliza zimetoka wapi.

Lakini usije ukawaambia wenzako baba karuhusu. Bibi Kilabu aliwajua wote waliokunywa kwake. Nilimwona kwa macho yangu akimfukuza baba mmoja aliyekuwa na ada ya mwanawe mfukoni. Kubeti nani atamfukuza nani? Vijana wa bodaboda hapa stendi wanashinda wameinamia simu. Jioni utasikia "mkeka umechanika", yaani dau limeliwa, asubuhi wanasuka mwingine. Binamu yako ile simu uliyomtumia aliiuza, fedha akaibetia kwenye simu ya rafiki yake. Kampuni yako inamjua kwa namba tu. Haijui kwamba bibi yake alilala bila dawa wiki ile. Mbege inataka siku nyingi za kungoja, ina jasho la mtu ndani yake, na ilikuwepo kwenye misiba na harusi za Wachagga kabla ya mmisionari wa kwanza kupanda mlima huu. Huwezi kuziweka kwenye mizani moja.

Halafu najijibu: kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inalipa kodi, nawe humchezeshi mtu, unafunga hesabu tu. Halafu najijibu tena: hata mimi sikuuza pombe, niliuza ndizi.

Unaona ninavyozunguka. Bwana aliomba tusitolewe duniani, bali tulindwe na yule mwovu. Laiti angeongeza na mshahara tuuchukue wapi. Dunia inaingia kwa mfuko, ndiyo, nitalisema mpaka nizikwe, ila sijawahi kuona mfuko usiokuwa na tundu upande wa pili. Ngoja nikuulize mimi: mwisho wa mwezi ukifunga hesabu ukaikuta faida, utajua imetoka kwa nani? Ukijua, utalala? Neno langu liko hapa kwenye ncha ya ulimi, na mama yako anajua ni neno gani. Nalimeza. Nilishawahi kuwa na neno zuri mbele ya baraza.

Mama yako anasoma nyuma ya bega langu. Anasema kama nimeanza kuungama, nimalizie.

Haya. Mvua zile zilipokatika, mwaka 1998, nilichuma jani la isale, lile Wachagga tunaloombea msamaha, kwenye mpaka wa kihamba. Babu yako alisema masale ni mambo ya mizimu, na mimi nilifundisha hivyo kipaimara. Nililificha ndani ya koti kama mwizi, nikapita njia ya mfongo, ule mfereji wa maji, ili mzee mwenzangu asinione. Nilipolitoa, Bibi Kilabu aliliangalia, akaniangalia, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee wa kanisa na isale!" Hajawahi mtu kunicheka vile, na sijawahi kufurahi kuchekwa namna ile. Akalipokea, akalichomeka juu ya mlango. Kisha akachota kata moja ya mbege, akaniwekea mbele, akakaa kunitazama.

Mama yako amekuwa akiniuliza tangu mwaka ule kama nilikunywa. Hata sasa hivi amenigusa bega. Hilo utaniuliza mwenyewe Desemba, yeye akiwa amekwenda sokoni.

Barua hii nampa binti wa jirani aipige picha akutumie. Mpokee na salamu zake, anatafuta chuo.

Ni mimi baba yako