Udongo mweusi wa bondeni unazama: nichimbe mfereji zaidi?

SWALI: Shamba langu liko karibu na Kabale, Uganda, kwenye bonde lililokuwa la mafunjo. Lilikaushwa miaka minane iliyopita. Mwanzoni viazi vilizaa sana, sasa vinadumaa, na ardhi imeshuka hadi mfereji hautoshi. Muuza pembejeo ananiambia nichimbe zaidi, nichome tabaka la juu, kisha nimwage chokaa. Je, yuko sahihi?

JIBU: Hapana. Usichimbe, na usiwashe moto kabisa.

Mavuno ya mwanzo ndiyo yanayowapotosha wakulima. Wanaona weusi, wanadhani rutuba haiishi. Weusi huo ni mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza nusu tu. Ilirundikana kwa maelfu ya miaka kwa sababu maji yaliizuia hewa, mafunjo yakafa bila kuoza yakaisha. Ukikausha, oksijeni inaingia, bakteria na kuvu wanaila mboji, kaboni inapaa kama hewa ya ukaa, na naitrojeni iliyofungwa humo inaachiliwa. Viazi vyako vilinenepa kwa naitrojeni hiyo. Ulikuwa unavuna udongo wenyewe.

Nachoka kusikia kwamba ardhi "imejikaza tu". Miaka ya kwanza ni kweli hujikaza sana maji yakitoka. Baada ya hapo kinachoishusha hasa ni kuoza, na hakikomi mpaka mboji iishe au maji yarudi. Huko Holme Fen, bonde la mboji lililokaushwa Uingereza, nguzo ya chuma ilizamishwa mwaka 1851, kichwa chake kikiwa sawa na ardhi. Leo imechomoza takriban mita 4. Kila unapochimba mfereji zaidi, unaipa hewa tabaka jingine la kuteketeza.

Vunja bonge lililokauka, ulidondoshee maji. Tone likikaa juu bila kunywewa, mboji imekauka kupita kiasi na mvua peke yake itachelewa sana kuirudisha. Kisha chimba shimo moja hadi kwenye mfinyanzi wa chini. Ukiona madoa ya njano iliyofifia, kuna salfa iliyokutana na hewa ikazaa asidi, jambo linalojulikana sana kwenye mabonde ya mafunjo ya Kigezi, eneo lenu la Kabale. Asidi ya namna hiyo inameza chokaa magunia kwa magunia. Hata pale chokaa inapofaa, huwachangamsha bakteria wakaila mboji haraka zaidi, kwa hiyo pima pH (kiwango cha asidi cha udongo) kwanza.

Anayeuza ushauri wa kuchoma mboji ni mtu hatari. Moto huingia chini, ukafuka wiki kadhaa bila kuonekana. Kalimantan, Indonesia, mradi wa mpunga ulioanza miaka ya 1990 ulikata mifereji kwenye takriban hekta milioni 1 za ardhi ya namna hii. Mpunga ulishindwa, na mwaka 1997 maeneo makubwa yaliungua, moshi ukavuka hadi nchi jirani.

Ziba mfereji kwa mbao au viroba vya mchanga, maji yapande hadi sentimita 20 au 30 chini ya uso. Panda magimbi au nyasi za malisho badala ya viazi, na usiache udongo wazi. Kuoza kutapungua, ingawa hakutakoma. Zungumza na majirani kabla ya kuziba, maana maji ya bonde ni ya wote.